Mashine kongwe ya mwangwi wa kanda kwa kurekodi gitaa: tazama mota na roli kabla ya jina

Ndugu, umeeleza kwamba una studio ndogo Dar es Salaam, kwamba unarekodi zaidi magitaa ya muziki wa dansi, na kwamba umechoshwa na mwangwi wa kompyuta ambao mrudio wa tano unafanana na wa kwanza kama pacha. Unauliza uagize ipi kati ya Roland RE-201, Echoplex EP-3 na Watkins Copicat. Mbili kati ya hizo nimezimiliki na ya tatu nimeihudumia kwa muda mrefu kwa niaba ya rafiki, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, nikianza na jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Mashine hizi zote hufanya kazi kwa kanuni moja: kichwa cha kurekodia huandika sauti kwenye kanda, kanda husafiri, na kichwa cha kusomea huitoa sauti hiyo baada ya muda unaolingana na umbali kati ya vichwa ukigawanywa kwa kasi ya kanda. Vichwa vikiachana sentimita 4 na kanda ikienda sentimita 20 kwa sekunde, mwangwi utakuja baada ya milisekunde 200. Tofauti iko katika namna ya kuubadilisha muda huo. Echoplex, iliyobuniwa Marekani, hukuruhusu kutelezesha kichwa kwenye reli huku kanda ikienda kwa kasi ileile. Copicat, aliyoitoa Charlie Watkins jijini London mwaka 1958, hukupa vichwa vitatu vya kusomea unavyovichagua kwa swichi. Na RE-201, iliyotoka Japani mwaka 1974, huviacha vichwa vyake vitatu mahali pake na kubadilisha kasi ya mota.

Hapo ndipo umeme wetu unapoingia. Mota ya Echoplex hufuata mapigo ya umeme wa nyumbani, na mashine zilizouzwa Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde. Transfoma ya kushusha umeme itakupa hizo volti 120, lakini haiwezi kugeuza hezi 50 za hapa kuwa 60. Matokeo yake ni kwamba kanda huenda polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, na mwangwi uliopaswa kuwa wa milisekunde 300 unakuwa wa 360 hivi. Sauti haishuki, kwa sababu kuandika na kusoma hufanyika kwa kasi moja, ila ukali wa juu hupungua kidogo na mota hupata joto zaidi. Rafiki yangu alizoea. Mimi ningezoea kama ningekuwa nimepewa bure.

RE-201 haina tatizo hilo, kwa kuwa mota yake ni ya umeme mnyoofu (DC) na kasi yake inatawaliwa na saketi ya ndani. Unachotakiwa kujua ni volti tu, na hapa nakusihi usome kibandiko cha nyuma mwenyewe: iliyouzwa Japani ni ya volti 100, na kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ni kuiua. Copicat ya Uingereza, kwa upande wake, inakuja ikiwa imezoea umeme unaofanana na wetu, na hiyo ni faida ambayo watu huidharau.

Sasa sauti. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500, na nusu yake ni 250. Gitaa la solo la dansi linajaza nafasi nyingi, hivyo mwangwi mrefu unaorudi mara nyingi utaligombanisha na ridhimu. Mimi huweka RE-201 kwenye kichwa cha kwanza peke yake, mrudio mmoja au miwili, kiasi kidogo mno hata msikilizaji asiutambue mpaka uuzime. Vichwa vyake vimepangwa kwa umbali unaokaribia kulingana, kwa hiyo cha kwanza kikirudisha baada ya milisekunde 150, cha pili ni kama 300 na cha tatu kama 450. Ukiviwasha pamoja unapata mdundo unaotembea wenyewe, mtamu kwa utangulizi wa wimbo, mbaya kwa ubeti. Kitufe cha kurudishia sauti ukikizidisha, mashine huanza kupiga kelele yenyewe, jambo ambalo Lee Perry, mtayarishaji wa muziki wa rege, aligeuza kuwa ala ya muziki katika studio yake ya Black Ark, Jamaika. Ndani ya RE-201 pia kuna riveb ya springi, yaani springi inayoipa sauti mvumo kama wa chumba kikubwa.

EP-3 ina sifa moja ambayo siwezi kuinyima: saketi yake ya kuingizia sauti hulinenepesha gitaa hata mwangwi ukiwa umefungwa. Copicat ni nzuri kwa mwangwi mfupi wa aina ya miaka ya sitini, lakini kitanzi chake cha kanda ni kifupi, kiungo cha ncha zake hupita vichwani mara nyingi, na kikiungwa vibaya utakisikia kikigonga.

Kuhusu hali ya mashine, nilijifunza kwa hasara. RE-201 yangu ya kwanza iliuzwa kwangu na mtu wa ng'ambo kwa maneno kwamba "imehudumiwa". Ilipofika, roli la mpira linalobana kanda kwenye shafti ya mota lilikuwa limelainika na kunata kama gundi ya bodaboda, na kila noti ndefu ilitetemeka kama ya mlevi. Tangu hapo siagizi bila kuomba video ya noti moja ndefu, mwangwi ukiwa wazi na kasi ikiwa ya chini kabisa, kwa maana kasi ya chini ndiyo hufichua ubovu wa mota na roli. Naomba pia picha ya karibu ya vichwa. Mkwaruzo mwembamba si neno, lakini kichwa kilichochimbika mfereji kinahitaji kubadilishwa, na hicho hakipatikani Kariakoo. Kapasita zilizochoka, fundi mzuri wa redio atazibadilisha hapa hapa.

Kwa hiyo ningekushauri RE-201, au RE-101 ambayo haina riveb, endapo video itakuridhisha; Copicat iwe ya pili. Agiza vitanzi viwili vya akiba pamoja na mashine, kwa sababu kanda ya kawaida ya rekoda uliyoikata mwenyewe huenda isiteleze vizuri ndani ya sanduku la kanda la mashine. Safisha vichwa na shafti kwa spirti ya isopropili na kijiti cha pamba kabla ya kila kikao. Roli lifute kwa kitambaa chenye unyevu tu, usilirowanishe kwa spirti. Na gitaa lirekodi kavu kwanza kwenye njia yake, kisha ulipitishe kwenye mashine na kuurekodi mwangwi kwenye njia ya pili, sindano ya mita ikikaribia sifuri bila kukaa kwenye nyekundu, ili siku kanda itakapojikunja katikati ya wimbo, mpigaji asilazimike kurudia.