Hadithi tisa, vitabu vitatu: majina yatoke wapi?

Mwandishi wa Kigoma mwenye hadithi tisa za kisayansi zilizotoka moja moja, akitaka kuzikusanya tatu tatu, mara nyingi hulichukua jina la hadithi ya kwanza akalipa kitabu kizima. Hapo ndipo anapoharibu. Msomaji wake wa zamani atakipita kitabu akidhani anacho, au atakinunua kisha akute theluthi yake alishaisoma, aanze kudai pesa.

Tuseme mfululizo unahusu wavuvi wa dagaa wa miaka 200 ijayo, wanaoshusha taa hadi sakafu ya Ziwa Tanganyika, mita 1,470 chini. Kabla ya kuwaza jina, andika sentensi moja kwa kila hadithi: inapoisha, wahusika wako wapi? Tatu za kwanza ziko mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, tatu za kati kwenye mkondo, za mwisho kilindini. Jina la kitabu ni kile ambacho hadithi zake tatu zinacho na zile sita nyingine hazina.

Rasimu basi ni *Mwaloni*, *Mkondoni*, *Kilindini*. Mdomoni ni tamu, lakini mkondoni siku hizi ni kwenye intaneti, na Kilindini ni bandari ya Mombasa: anayekitafuta kitabu kwa simu ataletewa habari za meli. Ukiondoa hiyo -ni bado hujapona, maana Kilindi ni wilaya ya Tanga. Dawa ni neno moja la kuyafunga yote matatu: *Taa za Mwalo*, *Taa za Mkondo*, *Taa za Kilindi*. Msomaji wa Mtwara huenda asijue mwalo ni nini; mchoro wa mitumbwi ufukweni utamwonyesha. Neno la ziwani lisifutwe kwa hofu hiyo.

*Mita 1,470* nalo linavutia, ila mmoja ataandika na koma, mwingine bila koma, wa tatu kwa maneno. Kitabu kimoja, njia tatu za kukikosa.

Hesabu isiingie kwenye jina kabisa. Isaac Asimov, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, alikipa kitabu cha tatu cha mfululizo wake, cha mwaka 1953, jina *Second Foundation*, yaani "ya pili". Kwa mtu anayepanga rafu, huo ni mtego. Na kama hadithi zako zilishapewa namba 1 hadi 9, "Kitabu cha 2" kitagongana na hadithi ya 2. Chini ya jina andika "Hadithi ya 4 hadi ya 6". "Juzuu" ni neno sahihi, lakini Ujiji wengi watawaza madrasa kwanza.

Kisha pima mgongo wa kitabu. Kurasa 360 ni karatasi 180. Kwa karatasi ya gramu 80, yenye unene wa takriban milimita 0.1, mgongo ni milimita 18. Jina fupi linakaa mstari mmoja kwa herufi kubwa. Refu litapunguzwa hadi lisisomeke.

Mwisho, simama kijiwe cha bodaboda pale Mwanga, pigia watu watano, litaje jina mara moja, wakuandikie kwa meseji. Wawili wakikosea, badilisha. Fanya hivyo kabla ya kuomba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba: kila kitabu kina namba yake, na jina likibadilika baadaye, namba nayo inabidi iwe mpya.