Churchill aliishi wapi London alipokuwa nje ya serikali?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Winston Churchill aliwekwa kando kisiasa kwa takriban miaka kumi kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba muda huo aliupitisha Chartwell, nyumbani kwake mashambani huko Kent. Je, hakuwa na makao London? – Msomaji, Tanga

JIBU: Alikuwa nayo, na kwa maoni yetu makao hayo yanastahili kutajwa zaidi ya yanavyotajwa. Churchill aliuacha Uwaziri wa Fedha mwaka 1929, chama chake cha Conservative kiliposhindwa katika uchaguzi, lakini ubunge wa Epping hakuupoteza, na mbunge anayetaka kusikilizwa hawezi kukaa mbali na Bunge. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 yeye na mkewe Clementine walikuwa na fleti namba 11 katika orofa za juu za Morpeth Mansions, karibu na kanisa kuu la Kikatoliki la Westminster, ambako mtu huweza kufika Bungeni kwa miguu. Chartwell ndiko alikoandika sehemu kubwa ya vitabu na makala zilizomlisha. Fleti ilikuwa mahali pa siasa, na Septemba 1938, Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, alipokuwa akijadiliana na Hitler kuhusu Czechoslovakia, wanasiasa waliopinga majadiliano hayo walikutana humo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba aliwekwa kando kwa sababu tu ya kuonya juu ya Hitler. Januari 1931, Hitler akiwa bado hajashika madaraka, Churchill alijiondoa miongoni mwa viongozi wa juu wa chama kwa kupinga mpango wa kuipa India hatua ya kujitawala. Sisi ambao wazee wetu walitawaliwa na dola hiyo hiyo hatuwezi kulipita jambo hilo kimyakimya, hata tunapokiri kwamba kuhusu Ujerumani aliona mbali kuliko wenzake.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1939, Chamberlain alipotangaza vita redioni, ving'ora vililia, na Churchill na mkewe wakapanda juu ya paa kutazama kabla ya kuteremka kwenda kwenye handaki la mtaani, naye akiwa na chupa ya brandi. Siku hiyo hiyo alirudishwa serikalini kuongoza Wizara ya Jeshi la Majini, na baadaye familia ikahamia Admiralty House, makao rasmi ya cheo hicho.