Rozela inashusha presha? Uliza kiasi gani, na kwa nani

Ukipita Soko la Majengo hapa Dodoma utakuta unga wa mlonge, ubuyu, rozela na manjano kwenye vipaketi vyenye karatasi ndogo ya maelezo. Karatasi moja ya mlonge niliyoisoma ilitaja presha, kisukari, vidonda vya tumbo, ganzi ya miguu, nguvu za kiume na uzazi. Haikusema kijiko kimoja au vitatu, wala mara ngapi kwa siku. Kinachodaiwa kutibu kila kitu bila kipimo, mimi nanunua kama chakula, sinunui kama dawa. Na hata kikiwa na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, alama hiyo inahusu ubora na usalama wa bidhaa. Haithibitishi kwamba inaponya kisukari.

Mlonge wenyewe ni mboga nzuri, sina ugomvi nao. Shida ni hesabu zake. Utaambiwa una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Hapo unga mkavu umelinganishwa na maziwa, ambayo sehemu kubwa ni maji, kwa uzito uleule. Nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko cha chakula ni kama gramu 8. Zidisha kwa 17 upate gramu 136 za maziwa, ambazo hazijazi hata glasi. Ukiambiwa pia kwamba mlonge unashusha sukari, uliza waliopimwa ni nani, maana tafiti nyingi za dai hilo zimefanywa kwa panya.

Rozela ni habari tofauti kidogo. Mama yangu mdogo, mkazi wa Chamwino, anatumia vidonge vya presha, na majirani walimshauri aviache anywe rozela. Aliniuliza, "Mwanangu, haya maneno ni ya kweli?" Sikumjibu kuwa ni uongo, kwa sababu utafiti upo, tena kwa binadamu. Mwaka 2010 Diane McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 65 wa miaka 30 hadi 70. Kundi moja lilikunywa vikombe 3 vya rozela kila siku kwa wiki 6. Kundi la pili lilipewa kinywaji kilichofananishwa na rozela lakini hakina rozela ndani. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa kundi la kwanza na 1.3 kwa la pili.

Hiyo 1.3 usiiruke. Ni watu ambao hawakuonja rozela, na presha yao ilishuka pia. Mtu hukimbilia kupima siku anayojisikia vibaya, akakuta imepanda. Wiki inayofuata imeshuka yenyewe, na sifa zote zinakwenda kwa alichokunywa katikati. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi.

Halafu angalia nani alipimwa. Ni watu ambao presha yao ilikuwa juu kidogo tu, na hawakuwa kwenye dawa za presha. Mama mdogo hayumo humo. Bila vidonge yake hufika 170. Ukiipunguza 7 bado yuko kwenye hatari ya kiharusi. Utafiti ule haukumwambia mtu yeyote aache dawa.

Basi tukakubaliana vidonge viendelee. Rozela anywe akipenda, ila asiikoleze sukari kama ile ya kwenye chupa za barabarani, na amweleze daktari, kwa kuwa vitu viwili vinavyoshusha presha vikikutana vinaweza kuishusha kupita kiasi. Presha anapima asubuhi, akishakaa ametulia dakika 5, na namba anaziandika kwenye daftari analokwenda nalo kliniki.