Barua kwa mwanangu: kile kijiji kinacholipa watu

Mwanangu Rehema,

Hapa Visp, Uswisi, hatujambo. Ujumbe wako nimeupata pamoja na ile picha inayozunguka WhatsApp. Unauliza kama ni kweli kuna kijiji Uswisi kinalipa watu wahamie, na kama nyinyi wanne mnaweza kuzipata hizo faranga 70,000. Hesabu umeipiga sawasawa: 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto. Kijiji chenyewe ni Albinen, kwenye jimbo hili hili la Valais. Ila aliyeanza kuusambaza ujumbe huo aliyakata masharti.

Nianze na mahali penyewe. Stesheni ya Leuk iko bondeni karibu na mto Rhone, kama mita 620 juu ya usawa wa bahari. Albinen iko mita 1,300 hivi. Unapanda basi la posta, yale ya njano, kona baada ya kona, masikio yanaziba. Nyumba za zamani ni za mbao zilizopigwa jua mpaka zikawa nyeusi, zimebanana mtelemkoni hivi kwamba dirisha la huyu linatazama paa la yule. Kwenda Leukerbad, kwenye chemchemi za maji moto, watu wa zamani walipita kwenye ngazi 8 za mbao zilizoegemezwa kwenye jabali, mizigo mgongoni. Ngazi bado zipo. Siku hizi wanaozipanda ni watalii. Mimi nilizitazama kutoka chini, ikatosha.

Sasa watu. Mwaka 2017 walikuwa kama 240 tu, na bado ni halmashauri kamili, yenye serikali yake na mkutano mkuu wake. Usishangae, nchi hii ina halmashauri zaidi ya 2,000 na nyingine ni ndogo hivyo. Lakini usiiangalie 240 peke yake, uliza ni kina nani. Familia 3 zilihama, zikaondoka na watoto 8, na kwa kijiji kama kile hilo ni darasa zima. Shule ikafungwa, watoto waliobaki wakawa wanapelekwa bondeni kwa basi. Nyumba zipo, ila nyingi ni za watu wa mjini wanaokuja likizo kisha wanafunga madirisha. Ndipo vijana wenyewe wa kijiji wakapeleka hoja ya kuwalipa wanaohamia, na tarehe 30 Novemba 2017 mkutano ukapiga kura: 71 wakakubali, 29 wakakataa.

Masharti ni haya. Uwe na umri chini ya miaka 45. Ununue, ujenge au ukarabati nyumba kwa faranga zisizopungua 200,000, na iwe ndiyo makazi yako ya kudumu. Ukihama kabla ya miaka 10, unarudisha fedha. Na uwe raia wa Uswisi au mwenye kibali cha C, yaani cha ukaazi wa kudumu, ambacho Mtanzania kwa kawaida hukipata baada ya kuishi hapa miaka 10. Kwa maneno mengine, wanamtafuta fundi au mwalimu wa Sierre au Brig mwenye watoto, aendelee na kazi yake bondeni na jioni arudi kulala juu. Kwangu mimi ni mpango wa busara. Kosa ni la waliouandika kana kwamba mlango uko wazi kwa dunia nzima. Kijiji kilifurika maombi ya watu wa mbali ambao hakiwezi kuwapokea.

Kwa hiyo jibu ni hapana, mwanangu, si kwa njia hiyo. Na mtu akikwambia ana fomu za Albinen, umlipe kidogo akujazie, usimpe hata senti. Mwambie na mumeo, maana namjua kwa haraka zake.

Mkitaka kuja kutembea, ombeni viza ya kawaida ya matembezi, barua ya mwaliko nitaandika mimi. Njooni Julai, shule zikiwa zimefungwa huku. Nitumie nakala za pasipoti za watoto mapema.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako