Dereva wa Masafa na Baiskeli Yake: Maswali Yenu

Wiki hii nimejibu madereva wa malori wa njia ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia hadi Kongo. Kilichowaunganisha ni kitambi, mgongo na hamu ya kutembea na baiskeli garini.

Foleni ya mpakani hunilaza siku kadhaa, nataka baiskeli ya kuzungukia mjini. Niifunge wapi? (Dereva wa semi, Tunduma)

Nianze na pasipofaa: ile nafasi kati ya kichwa na tela. Gari likiwa limenyooka, panaonekana pana kama uwanja. Subiri ukate kona kali. Pembe ya tela inasogea karibu na kabini, na hapohapo ndipo inapopita mipira ya upepo wa breki. Pedeli ikisugua mpira huo kilomita mia mbili, halafu uanze kuteremka Kitonga, sitaki hata kumalizia.

Ukiweza, tafuta baiskeli ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20. Inakaa ndani, kwenye kitanda cha juu kama kabini yako inacho. Ifunge kwa mkanda hata humo ndani, maana ukikanyaga breki ya ghafla itakufuata kichwani. Kama unayo baiskeli kubwa kama Phoenix, omba ruhusa ya mwenye gari, kisha fundi atengeneze kishikio cha kufunga kwa boliti, mbali na ekzosi, kisichotokeza nje ya ubavu wa gari. Akikuambia atachomelea moja kwa moja kwenye chesisi, mkatalie: chuma kile kikipigwa moto hupungua nguvu.

Haitanizidishia uzito kwenye mizani? (Dereva, Chalinze)

Kikomo cha juu kabisa cha gari na mzigo wake kwa nchi za Afrika Mashariki ni tani 56, kutegemea idadi ya ekseli. Baiskeli nzito ni kama kilo 20. Zikikuangusha hizo kwenye mizani ya Vigwaza, kagombane na aliyekupakilia mzigo.

Naweza kuijaza upepo kwa mpira wa upepo wa lori? (Dereva, Makambako)

Angalia valvu. Baiskeli nyingi za gia zina valvu kama ya gari, hizo zinakubali. Phoenix nyingi zina ile nyembamba ya kupampu kwa mkono, nayo mpira wa lori hauishiki. Hata ikikubali, bonyeza kidogo, acha, bana tairi kwa vidole, rudia. Upepo wa lori umepangiwa tairi la lori. Tyubu ya baiskeli inapasuka kabla hujahesabu tatu. Nunua pampu ya mkono tu, ni rahisi.

Mume wangu kila akirudi safari analia na goti na kiuno, na tumbo linazidi. Baiskeli itamsaidia? (Mama wa watoto wawili, Mbagala)

Itamsaidia, dada yangu, ila muulize kwanza anavyoshuka garini. Madereva wengi hufungua mlango na kuruka. Ashuke akiwa ameelekea gari, mikono miwili imeshika, mguu mmoja umekanyaga ngazi. Goti litamshukuru kabla hajanunua baiskeli yoyote.

Tumbo ni habari ya sahani. Kwa mama ntilie aombe ugali nusu, maharage na mboga za kutosha, na soda aibadilishe kwa maji. Najua wengine hawanywi maji ili wasisimame kukojoa. Figo ndizo zinazolipa. Na akapime presha na sukari hata kama anajiona mzima.

Bosi amekataa baiskeli kabisa. (Tandiboi, Morogoro)

Basi lizunguke gari. Semi ya mita 17, mzunguko mmoja ni kama mita 40, kwa hiyo mizunguko 25 inakupa kilomita moja. Nenda kwa mwendo wa kutoa jasho huku ukikagua tairi na nati. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na foleni moja ya mpakani inazimaliza.

Nikifika usiku, nipande baiskeli au nilale? (Dereva, Iringa)

Lala. Baiskeli ni ya asubuhi, ukishapumzika, kwenye barabara za mitaani, ukiwa umevaa kile kizibao cha kung'aa unachovaa bandarini. Barabara kuu waachie wenzako wenye malori. Na kile kipande cha hifadhi ya Mikumi usithubutu, tembo wanavuka pale mchana kweupe.

Mguu mmoja umevimba tangu jana, unauma kwenye shavu. Mazoezi gani yatautoa uvimbe? (Dereva, Mbeya)

Hakuna, kaka. Kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu ndani ya mshipa wa mguu, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Usiuchue, usipande baiskeli, usishike usukani. Nenda hospitali leo hii, umweleze daktari umeendesha saa ngapi mfululizo. Ukianza kubanwa kifua au kukosa pumzi, usisubiri hata zamu yako kwenye foleni ya hospitali.