Kabla hujanunua kitambaa cha makochi, choma uzi

Mteja wangu mmoja aliniletea kitambaa kizito cha rangi ya mchanga, mita 12, kutoka Kariakoo. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Pamba na poliesta nusu kwa nusu, dada yangu, utanikumbuka." Tukamkumbuka kweli. Nilishona foronya sita za mito ya kochi, sentimita 60 kwa 60, zikakaa sawasawa. Miezi mitatu baadaye zikafuliwa, zikarudi kwangu mikononi zikiwa na urefu wa sentimita 57 na upana uleule wa 60. Zipu zilikuwa zimejikunja kama nyoka, maana zipu yenyewe hairudi. Mama wa watu hakugomba. Aliweka mfuko juu ya cherehani akaniangalia tu, na nilizishona upya kwa gharama yangu.

Kosa lilikuwa langu. Niliamini ile nusu kwa nusu, sikuuliza imechanganywaje. Kuna kitambaa ambacho pamba na poliesta zilichanganywa kabla ya kusokotwa, kwa hiyo kila uzi una vyote viwili. Na kuna ambacho kila uzi ni wa aina moja, kisha vikakutanishwa kwenye kitanda cha mfumi: pamba ikawa mtande, yaani nyuzi zinazofuata urefu wa jora, na poliesta ikawa mshindio, zile zinazokingama. Karatasi ya jora itaandika asilimia zilezile. Lakini pamba ikinywa maji huvimba na kujivuta, wakati poliesta iliyotulizwa kwa joto kiwandani haisogei. Changu kilikuwa cha namna ya pili, ndiyo maana kilirudi upande mmoja tu.

Siku hizi naomba kipande kidogo, navuta uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, nauchoma kila mmoja peke yake juu ya sahani yenye maji, nimeushika kwa koleo. Usishike kwa vidole. Tone la poliesta likikudondokea linaganda na ngozi. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inaukimbia moto, inayeyuka, inabaki shanga ngumu nyeusi. Uzi uliochanganywa utakupa majivu yenye vichembe vigumu ndani.

Moto huo una uongo wake mmoja, nao ni viskosi. Inatengenezwa kwa rojo la mti, kwa hiyo inaungua kama pamba, na vitambaa vingi vinavyofanana na kitani vimejaa hiyo. Hapo tumia maji: lowesha uzi, uvute. Pamba ikilowa inazidi nguvu, viskosi ikilowa inakatika kirahisi. Kwa kochi la kufuliwafuliwa, mimi siitaki.

Utauliza kwa nini basi tusitumie pamba tupu. Nimejaribu, kwenye nyumba iliyo karibu na bahari hapa Dar es Salaam. Pamba hubeba unyevu wa hewani kama asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata 1. Masika yalipoisha, mito iliyoegemea ukuta ilikuwa na madoa meusi ya ukungu ambayo hayakutoka. Poliesta tupu nayo, Januari umeme ukikatika na feni ikasimama, unajua mwenyewe kinachotokea kwenye mapaja. Tena inapenda mafuta. Pale vichwa vinapoegemea, mafuta ya nywele hujikita, na usipoyawahi kwa sabuni na maji ya vuguvugu utaishi nayo.

Kwa sebule yenye watoto ninachagua poliesta ya asilimia 60 hadi 70, iliyochanganywa ndani ya uzi na kufumwa kwa kubana. Kwa chumba cha kulala pamba ijae zaidi. Ila jiandae kwa vinundu, vile vijipira vya nyuzi vinavyoota juu ya kitambaa kikisuguliwa. Kwenye pamba tupu vinundu hudondoka vyenyewe; kwenye mchanganyiko, poliesta ni imara mno kuviachia, vinang'ang'ania. Chukua vipande viwili dukani uvisugue kwa nguvu hadi mkono uchoke. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Duka likiwa na kipimo cha Martindale, yaani idadi ya misuguano ambayo kitambaa kinastahimili kabla ya kuchakaa, kwa kochi la kila siku mimi sishuki chini ya misuguano 20,000.

Watu huniuliza pia kuhusu mkonge wa Tanga. Naupenda, lakini kwa zulia. Kwenye paja unakwaruza.

La mwisho ni chetezo. Tunapenda kufukiza makochi udi, na wengine husukuma dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kochi. Mchanganyiko ukishika moto, pamba haiyeyuki, inabaki imesimama kama utambi wa koroboi, na poliesta iliyoyeyuka inakuwa mafuta yake. Fukiza ukiwa umesimama hapo hapo, chetezo kiwe sakafuni mbali na kitambaa.

Na ukishapenda jora, nunua kwanza nusu mita. Kata mraba wa sentimita 30, chora mshale unaofuata urefu, fua mara mbili, anika, pima pande zote mbili. Ukipungua, fua jora zima kabla fundi hajashika mkasi.