Utekaji wa wasiojua kazi: bajeti, mjumbe na "ya kutolea"

Mkuu, skripti ya filamu yako ya vichekesho vya utekaji nimeisoma yote. Vijana watatu wa Mwanza wanamteka mtoto wa mfanyabiashara wa minofu ya samaki, wanadai milioni 100, mambo yanaharibika. Unalalamika kwamba walioisoma wanacheka kurasa kumi za mwanzo, halafu wanachoka, na mauaji yakianza wanachukizwa kabisa.

Tatizo ni kwamba watekaji wako ni wajinga. Mmoja anasahau funguo, mwingine anateleza kwenye ganda la ndizi (hili lifute leo leo), wa tatu anataja jina lake kwenye simu. Mjinga anachekesha dakika kumi. Anayebeba filamu nzima ni mtu mwenye akili zake na daftari, aliyepiga hesabu ya kila kitu kuhusu siku ya kumchukua mtu, na hakupiga hesabu yoyote ya siku za kukaa naye.

Tazama kesi ya Frank Sinatra Jr., mtoto wa mwimbaji maarufu wa Marekani. Desemba 8, 1963, Barry Keenan na Joe Amsler, wote wakiwa na miaka 23, waligonga mlango wa chumba chake kule Lake Tahoe wakijifanya wameleta mzigo. Wakamfunga rafiki aliyekuwa naye, wakaondoka na kijana wa watu. Yule rafiki akajifungua upesi, polisi wakaweka vizuizi barabarani, watekaji wakasimamishwa, na bado wakapita kwa maneno matupu. Hadi hapo ni kazi ya watu makini. Sasa njoo kwenye daftari. Keenan alisoma shule moja na Nancy, dada wa mateka. Frank Sinatra baba alikuwa tayari kutoa hata milioni moja, wao wakashikilia dola 240,000, kwa sababu ndicho kiasi walichokipigia hesabu. Miaka mingi baadaye Keenan alieleza kwamba alikusudia kuziwekeza zile hela, kisha amrudishie Sinatra chake. Yaani kwake ule ulikuwa mkopo, mkopeshaji tu hakuulizwa.

Usiku wa kuamkia Desemba 11 hela ziliachwa kati ya mabasi mawili ya shule huko Sepulveda, California, FBI wakiwa wameshazipiga picha zote. Keenan na Amsler wakaenda kuzichukua. Mwenzao wa tatu, John Irwin, mtu mzima wa miaka 42 aliyeachwa na mateka, akaingiwa na hofu akamwachia. Kwa hiyo kwa saa kadhaa kuna watekaji wenye hela lakini hawana mateka, na mateka anatembea kwa miguu Bel Air akitafuta mlinzi wa kumsaidia. Ili waandishi wa habari wasimwone, akarudishwa kwa mama yake akiwa ndani ya buti ya gari la doria. Mtu ameshaokolewa ndipo anaingizwa kwenye buti! Ukiandika hivyo kwenye skripti utaambiwa umezidisha chumvi. Irwin akamweleza ndugu yake, ndugu akawapigia FBI wa San Diego, saa chache baada ya simu hiyo wote wamo ndani.

Hakuna aliyeteleza mle. Kila mmoja alifanya jambo linaloeleweka ukisimama mahali pake, na ukijumlisha unapata maafa. Ndiyo kazi yako: kila kosa liwe uamuzi wa busara wa mtu mwenye taarifa nusu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sini nyingine yoyote, andika bajeti ya watekaji wako kama vile unaomba mkopo benki. Mfano tu, wana mtaji wa 1,200,000. Nyumba ya kumficha mateka ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi: 480,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Gari, Toyota IST ya kukodi siku mbili kwa 120,000 kwa siku, jumla 240,000. Mafuta 90,000. Godoro, kufuli, ndoo, maji ya kunywa, tuseme 110,000. Wamebaki na 200,000 ya kulisha watu wanne. Kwa 25,000 kwa siku ni siku nane. Wao walipanga mbili.

Unaona filamu ilipojificha? Siku ya tisa lazima wakakope, na hakuna benki ya kuwasikiliza. Wanaangukia kwenye mkopo wa kausha damu, dhamana televisheni ya mama wa mmoja wao. Kuanzia hapo anayewakimbiza ni afisa mikopo, polisi bado hawajui lolote. Na kwa kuwa msomaji ameshaona hesabu, kila chipsi kavu wanayonunua inaongeza presha bila mtu kutoa bastola.

Nyumba yenyewe ina mali kuliko utekaji. Wapangaji wapya, wanaume watatu, hawana vyombo, hawana hata pazia: mjumbe atakuja kujitambulisha na kutaka majina yao. Atakuja tena kwa ajili ya mchango wa ulinzi shirikishi. Hebu fikiria hiyo sini: watu wanaomficha mtu chumbani wanalipia ulinzi wa mtaa na kudai risiti, kwa sababu mshika daftari wao hapitishi hela bila risiti.

LUKU iishe usiku. Wanunue umeme wa elfu tano, tokeni ina tarakimu 20, na aliyevaa soksi usoni haoni vizuri. Anabonyeza, inakataa. Anarudia, inakataa. Mateka, aliyefungwa kwenye kiti pale pale sebuleni, anajitolea kumsomea: "Nne nne nne kwa kituo, kaka. Anza upya." Umeme unarudi, kila mtu anashukuru, halafu kimya, maana wamekumbuka kwamba kumbe kitambaa cha macho kilishamshuka na sura ya yule asiyevaa soksi ameiona. Sini hiyo haina mzaha wowote uliotungwa ili watu wacheke. Inaanza na kero ya kila nyumba, inaishia na swali la kama mateka ataruhusiwa kuishi. Mpito huo ndio unaotafuta katika filamu nzima, na ukiupata mara tatu au nne inatosha.

Suala la madai ya hela umelipita haraka mno. Ujumbe wako wa simu unasema "Tunaye mwanao, tuma milioni 100 kwenye namba hii." Mtanzania gani atauamini? Kila mwenye simu ameshapokea "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu." Baba mtu anaucheka, anaupeleka 15040 kama anavyopeleka wa matapeli wengine, tena anautupa kwenye grupu la familia kuwatahadharisha ndugu. Siku mbili nzima watekaji wanangoja jibu la ujumbe ambao umeshachukuliwa kuwa utapeli. Na mmoja wao, mzoefu wa maisha, alikuwa ameongeza mwishoni: "na ya kutolea."

Kama unataka walipwe kwa simu, kumbuka laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu. Anayetuma anaona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Ni jina la nani? Jibu zuri kwangu ni shangazi wa mmoja wao, ambaye hajui lolote na ataanza kupigiwa simu. Kuna kikomo cha muamala, na hata hela ikiingia kwa vipande, wakala wa mtaa atasema hana floti, rudini jioni.

Wakihamia fedha taslimu, piga hesabu ya uzito. Milioni 100 kwa noti za elfu kumi ni noti 10,000, mabunda 100 ya noti mia mia, karibu kilo kumi. Zinaingia kwenye begi la mgongoni. Pikipiki inabeba bila shida, ila kuzihesabu kwa mkono, noti moja kwa sekunde, ni saa mbili na dakika 47 bila kukosea. Watakosea. Weka ugomvi wao hapo, kila mmoja ana jumla yake, na mateka yuko chumba cha pili anasikia.

Upande wa mlipaji usimwandike baba anayelia tu. Mwaka 1973 mjukuu wa tajiri wa mafuta J. Paul Getty alipotekwa Roma, mgomo wa posta ya Italia ulichelewesha kifurushi chenye sikio lake wiki kadhaa. Babu hatimaye alitoa dola milioni 2.2, kiwango cha juu alichoweza kukikata kwenye kodi, iliyobaki akamkopesha mwanawe kwa riba ya asilimia 4. Wale hawakuwa watekaji wanagenzi, na sehemu ya sikio haina kicheko hata kidogo. Ninachotaka uone ni kwamba ukatili na urasimu vinakaa kwenye sentensi moja bila mwandishi kukonyeza jicho. Mfanyabiashara wako wa samaki naye ana mhasibu. Muulize mhasibu huyo kikombozi kinaingizwa kwenye fungu gani.

Njia nyingine ni mlipaji anayekataa kabisa. Machi 1978 mafundi magari wawili, Roman Wardas na Gantcho Ganev, walifukua jeneza la mchekeshaji wa filamu Charlie Chaplin huko Corsier-sur-Vevey, Uswisi, miezi miwili tu baada ya maziko, wakaanza kudai hela. Mjane, Oona, akagoma. Huwezi kumtishia mtu kwamba utamuua marehemu. Polisi wakasikiliza simu ya familia na kuvizia vibanda vya simu kama 200 vya eneo lile mpaka wakawanasa Mei. Jeneza lilikuwa limefukiwa shambani kule Noville. Wardas alifungwa miaka minne na nusu, Ganev akapata miezi 18 ya nje, na Chaplin akazikwa upya chini ya zege. Kwa anayeanza kuandika, kesi hii ni salama kuliko zote, maana hakuna anayeumia.

Ila wewe unataka damu, kwa hiyo tuseme ukweli kuhusu kifo cha kwanza. Kwa filamu ya dakika 95, ukurasa mmoja wa skripti ukiwa kama dakika moja, utekaji uwe umeisha kabla ya ukurasa wa 20 na kifo cha kwanza kiwe kati ya wa 50 na 60. Wewe umekiweka wa 24, hatujawajua hata majina. Anayekufa asiwe mtu uliyemleta ili afe. Fundi bomba aliyetumwa na mwenye nyumba anafaa, kama tumeshamwona mara mbili akiahidi kuja na asije. Siku anayokuja ndiyo siku mbaya. Kifo chenyewe kiandike kikavu: mistari mitatu, hakuna maneno ya kuchekesha, hakuna muziki wa vituko. Kicheko kirudi baadaye, simu ya marehemu ikianza kuita na mke wake akiuliza kama ile bomba imepona, na mtekaji mmoja anajikuta akimweleza bei ya vipuri.

Kuna kesi ya kukukumbusha mpaka wako. Desemba 1969, Uingereza, ndugu wawili wa ukoo wa Hosein walilifuata gari la Rolls-Royce wakiamini wanamfuatilia mke wa mmiliki wa magazeti Rupert Murdoch. Gari lilikuwa limeazimwa kwa msaidizi wake, na waliyemchukua ni mke wa msaidizi, Muriel McKay. Wakadai pauni milioni moja. Walihukumiwa 1970, mwili wake haujapatikana. Kumteka mtu asiye mwenyewe ni kifaa cha zamani cha vichekesho, na unaweza kukitumia, lakini hapo anachekwa yule aliyelifuata gari. Mateka wako kwa sasa analia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpe kazi, mpe vidonda vya tumbo asile maharage, mpe maoni kuhusu mpango wao. Akiwa mtu kamili, tutaogopa kwa ajili yake hata tukicheka.

Halafu hili la kwetu. Sini yako ya kumchukua ina gari lenye vioo vya giza, wanaume wenye pingu, na mtu anaburutwa mbele ya watu. Tanzania msomaji atawaza "watu wasiojulikana" papo hapo, na Kenya atawakumbuka vijana waliochukuliwa baada ya maandamano ya 2024. Kicheko kimekufa hapo na hutakifufua. Toa pingu, toa vioo vya giza. Waende na ile IST ya kukodi yenye stika ya "Mungu ni mwema" nyuma, mchana, na mateka aingie mwenyewe akidhani ndiyo teksi aliyoiita. Ni kurasa mbili, na hakuna nguvu iliyotumika hadi gari linapoipita njia ya kwenda kwao mateka bila kukata kona.

Mpelelezi mwache awe na akili. Asiwe mlevi, asiwe mpenda rushwa wa kuchekesha, wamejaa kwenye filamu zetu. Afike kwa njia ya kawaida: risiti ya ulinzi shirikishi, orodha ya mjumbe, jina la shangazi kwenye muamala. Vyote hivyo watekaji walivitengeneza wenyewe kwa sababu ya unadhifu wao.

Ukishaandika bajeti upya, tupia hapa kurasa za 15 hadi 25 tuzione. Ganda la ndizi nisilikute.